Krambo ya pichesi na epo kwenye jiko la mkaa: chenga za juu zinalowa, nakosea wapi?

dada_forest (Mbeya)

Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua kuoka.

Pale soko la Mwanjelwa pichesi za mwisho bado zipo, epo za Makete zimeingia na yale mapeasi magumu nayo yapo. Nataka kupika krambo, ile ya Waingereza: matunda chini, juu chengachenga za unga, siagi na sukari. Vipimo nilivyofuata: matunda kilo 1, unga wa ngano gramu 200, siagi 100, sukari 100, nyuzi 180 kwa dakika 40. Oveni sina. Natumia sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko la mkaa kama tunavyooka keki: sahani ya aluminiamu ndani, mfuniko, makaa juu ya mfuniko.

Nimejaribu mara mbili, matokeo ni yale yale. Chenga za juu zinabaki nyeupe na zinanatanata kama donge la ngano. Chini maji yanaogelea. Mapeasi bado yanagoma kwenye kijiko wakati pichesi zimeshasagika. Na kuna ladha fulani kama chuma.

Niongeze unga? Niongeze moto? Au kwa mkaa haiwezekani kabisa?

---

FundiMajiko (Iringa)

Inawezekana vizuri tu dada, na moto usiongeze. Kinachokuangusha ni mvuke.

Matunda yakipata joto yanatoa maji. Maji yanapanda, yanagonga mfuniko, yanarudi kwa matone juu ya chenga zako. Hapo huoki tena, unachemsha, na kitu kinachochemka hakibadiliki rangi hata ukikikalisha saa nzima. Siku nyingine funua mfuniko dakika ya 20 uugeuze: utaona matone yamejipanga kama umeutoa kwenye wali.

Fanya hivi. Mchanga uwe mkavu, kina cha sentimita 2 au 3, uupashe dakika 15 hadi 20 kabla ya kuweka chochote. Sahani isikalie mchanga moja kwa moja, iweke juu ya pete ya bati au vijiwe vitatu vinavyolingana. Kisha gawa makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Watu wengi wanafanya kinyume, wanajaza jiko chini na kutupia vipande vinne juu, halafu wanashangaa sukari imeungua chini na juu pamebaki unga mbichi. Makaa yawe yameshika yote na kuanza kuvaa majivu meupe. Mkaa unaotoa ndimi za moto bado haufai kuokea.

Kupima joto bila kipimajoto: weka kijiko kimoja cha unga kwenye kisahani cha bati, kitumbukize ndani, funika dakika 5. Unga ukiwa wa rangi ya dhahabu, joto ni la wastani, uko karibu na hizo 180. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza makaa. Ukiwa bado mweupe, subiri.

Sasa mvuke. Matunda yaingie kwanza peke yake, bila chenga, dakika 15 hadi 20, umefunika kabisa. Yakianza kutoa povu pembeni, funua, futa maji yote yaliyo chini ya mfuniko kwa kitambaa kikavu, mwaga chenga, halafu rudisha mfuniko ukiwa umeuinua kidogo. Hapa mfuniko wa kawaida ni msumbufu, tumia sinia bapa pana kuliko mdomo wa sufuria. Panga vipande vitatu vya nondo au mawe madogo kwenye ukingo wa sufuria, sinia ikae juu yake, kuwe na upenyo wa unene wa kidole kidogo. Mvuke unatoka pembeni, joto la makaa linashuka kwenye chenga. Kwa sababu sinia ni pana, majivu hayadondoki ndani. Dakika 25 hadi 30 zinatosha. Katikati ya safari geuza sahani nusu mzunguko, maana makaa hayagawanyiki sawa hata uwe hodari vipi.

Imeiva pale juisi inapochemka pembeni kwa mapovu mazito, ya polepole, yanayopasuka kama ya uji. Mapovu mepesi ya haraka ni maji bado, iache dakika 5 zaidi.

Nitawaachia wajuzi wa matunda hiyo habari ya mapeasi.

---

MamaK_Mafinga

Kamwene! FundiMajiko kamaliza ya moto, mimi niseme ya chenga, kwa sababu hata kwa moto huo ukikosea mkono bado utapata donge.

Kuongeza unga kutakupa kitu kikavu kinachokwama kooni. Uwiano wako wa 2:1:1 ni sahihi. Angalia siagi yenyewe ni nini. Siagi halisi ina mafuta karibu asilimia 80. Majarini laini za kopo, zile za kupaka mkate, nyingine zina mafuta chini ya 60 na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Soma nyuma ya kopo. Ukitumia ya maji mengi, unga unakunywa maji yale, unakuwa kama wa chapati. Kama huna siagi halisi, chukua majarini ngumu ya kuokea.

Siagi iwe baridi, ikatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Changanya kwanza unga, sukari na chumvi robo kijiko cha chai (chumvi usiiache, bila hiyo juu panakuwa na utamu mtupu), ndipo siagi. Fikicha kwa ncha za vidole tu, viganja visiguse, vina joto. Inua juu, fikicha, achia idondoke. Dakika 3 au 4. Acha pale mchanganyiko unapofanana na mchele chenga, halafu kamata konzi moja moja, bana kidogo, achia: baadhi zishikamane kwa ukubwa wa maharage, nyingine zibaki ndogo. Mabonge hayo ndiyo yanayotafunika. Ukifikicha mpaka ikawa laini kama mchanga mtupu, itaoka kuwa tabaka moja gumu.

Kisha bakuli likae baridini dakika 20 au zaidi. Kama siagi ilianza kung'aa na kushika vidole, imeyeyuka: acha mara moja, ipoe, ndipo uendelee.

Ukimwaga juu ya matunda usishindilie wala kusawazisha kwa kijiko. Nyunyiza kwa mkono, unene wa sentimita 1 na nusu, uache nafasi ndogo pembeni mvuke upite. Ukishindilia, umeweka mfuniko wa pili.

Wengine wanatia oti (oats, zile za uji). Ukizipata, toa gramu 50 za unga weka gramu 50 za oti. Mimi napendelea karanga zilizokaangwa na kupondwa nusunusu, gramu 50, zinaingia dakika 10 za mwisho ili zisiungue. Makadamia ni nzuri zaidi kama mfuko unaruhusu.

---

mkinga_wa_bulongwa (Makete)

Nianze na ladha ya chuma, maana ni jambo la afya pia. Pichesi na epo zina asidi, na asidi ikikaa kwenye aluminiamu tupu huku moto unawaka inakula chuma. Unapata ile ladha, na matunda yanaingia ujivujivu. Tumia sahani ya enameli isiyobanduka au bakuli la kioo la kuokea. Ukibaki na aluminiamu, tandika karatasi ya kuokea chini na pembeni mpaka juu ya usawa wa juisi. Onyo kwa wa kioo: lisitoke baridini kwenda kwenye mchanga wa moto, litapasuka.

Sasa matunda. Kosa ni kuyaingiza yote kwa wakati mmoja na kwa ukubwa mmoja.

Mapeasi yale magumu ya huku ni ya kupika. Ukingoja yalainike mtini unaweza kukuta katikati pameoza. Menya, toa kiini, kata vipande vya sentimita 1 na nusu, uyachemshe kwa maji kidogo na sukari vijiko viwili, umefunika, dakika 10 hadi 15, mpaka kisu kinaingia kwa kugoma kidogo. Na kumbuka uko wapi: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe chini ya hapo kidogo. Tunda lenye maji halipandi joto zaidi ya hapo kabla halijakauka, kwa hiyo dakika alizoandika mtu aliye pwani ya Uingereza hazitoshi kwetu.

Epo: sentimita 2, mbichi, hazihitaji kuchemshwa ukifuata zile dakika 20 za FundiMajiko. Kamulia ndimu zisibadilike rangi. Waingereza hutumia epo inayoitwa Bramley, chachu kwelikweli, ikipata moto inasagika yenyewe. Ndiyo maana wanatia sukari nyingi. Epo nyekundu za dukani ni tamu na hubaki vipande, ukifuata sukari yao utapata jamu. Kwa epo tamu gramu 40 za sukari kwa kilo zinatosha, pamoja na ndimu kijiko cha chakula. Kwa zile za kijani, Granny Smith, nenda mpaka gramu 80.

Pichesi za kienyeji nyama yake imeshika kokwa, usipoteze muda kuzipasua nusu. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde 40, uzihamishie maji baridi, ngozi inavuka. Kisha kata kuzunguka kokwa, vipande vikubwa vya sentimita 3, maana zinaiva upesi. Chagua zilizoiva lakini bado zinakataa kidole. Iliyolainika kabisa inafaa jamu.

Maji: changanya vipande vya pichesi na sukari gramu 60 kwa kilo, acha nusu saa kwenye chujio juu ya bakuli. Utashangaa kikombe kinachotoka. Usimwage. Chemsha juisi hiyo kwenye kisufuria kisicho cha aluminiamu mpaka ibaki nusu, ipoe, ukoroge ndani yake vijiko viwili vya chakula vya unga wa kastadi, urudishe kwenye matunda. Kastadi kwa asili ni wanga wa mahindi wenye rangi na harufu, unapatikana kila duka. Wanga wa muhogo nao unashika, ila juisi inavutika kama mlenda. Unga wa ngano tumia ukikosa vyote, utaacha ukungu kwenye juisi.

Viungo: mdalasini nusu kijiko cha chai kwa epo na mapeasi. Pichesi zinaipenda iliki zaidi, au tangawizi mbichi iliyokunwa, kijiko kimoja cha chai. Zote tatu kwa pamoja ni chai ya maziwa.

---

uyole_kwanza

Na parachichi je? Huku Rungwe na Njombe zinaoza barabarani, mtu asitie humo?

---

mkinga_wa_bulongwa

Hapana mkuu. Parachichi likikaa motoni muda huo linaingia uchungu, na lina mafuta tayari, halitoi juisi. Kama una ndizi mbivu za Tukuyu, hizo sawa: mbili zilizokatwa nene kati ya pichesi zinakunywa maji ya ziada. Plamsi pia ni nzuri mno, ila ngozi yake ina uchachu, ongeza sukari hadi gramu 120 kwa kilo na kastadi vijiko vitatu.

---

chimala77

Nimepita tu. Mimi nina jiko la gesi lenye oveni, moto unatoka chini tu. Tatizo la juu kubaki jeupe ninalo pia, ingawa halilowi.

---

FundiMajiko

Oveni nyingi za gesi ziko hivyo, kichomeo kipo sakafuni. Washa dakika 20 kabla. Pandisha waya wa kuwekea chakula hadi theluthi ya juu, na usiweke trei pana chini ya sahani, inazuia hewa ya moto kupanda. Kama matunda yanamwagika, weka karatasi ya foili ndogo inayozidi sahani kidogo tu. Nyuzi 190, dakika 45. Kama ina grili (moto wa juu), iwashe dakika 2 za mwisho, na usiondoke hapo, sukari inahama kutoka dhahabu hadi nyeusi ukigeuka kuchukua kitambaa.

Joto linaloandikwa kwenye kitufe usiliamini. Jaribu ule unga wa kijiko.

---

dada_forest

Asanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Maswali matatu ya mwisho. Friji sina, siagi nitaipoozaje? Sado moja (lile kopo la kupimia sokoni) ya pichesi inatoa krambo ngapi? Na mapishi mengi yanasema "matunda ya autumn", mbona mengine yanaitafsiri vuli, nikadhani ni Oktoba yetu?

---

MamaK_Mafinga

Siagi: ifunge kwenye nailoni isiyopitisha maji, itumbukize kwenye ndoo ya maji ya bomba usiku, weka nje penye upepo. Asubuhi na mapema ifikiche. Machi kwa Mbeya alfajiri inatosha, Juni na Julai huhitaji hata maji.

Au achana na siagi baridi kabisa, kuna njia ya pili ambayo kwa mkaa naiona salama kuliko ya kwanza. Yeyusha ile gramu 100, changanya na unga, sukari na chumvi kwa uma mpaka mabonge yajitengeneze. Pasha kikaango kizito kwenye moto mdogo sana, mwaga mabonge, geuza polepole kwa mwiko bapa dakika 12 hadi 15, mpaka yawe rangi ya karanga za kukaanga na harufu ya biskuti ijae jikoni. Yamwage kwenye sinia yapoe, ndipo yanakuwa magumu. Matunda pika pembeni kwenye sufuria ya enameli na kastadi yake mpaka yashike, uyamwage kwenye sahani, na chenga zinakaa juu wakati wa kula tu. Haitakuwa na ile sehemu ya katikati ambapo chenga zimekunywa juisi, na hiyo ndiyo wengine wanaipenda. Ila kulowa hailowi.

---

mkinga_wa_bulongwa

Sado ni ujazo, siyo uzito, na inategemea muuzaji amepandisha kilima cha namna gani. Pichesi za wastani zinakuja kilo mbili na ushee. Toa kokwa, ngozi na zilizopondeka, unabaki kama kilo moja na nusu. Krambo moja ya sahani ya sentimita 22, kina cha 5, inachukua gramu 800 za matunda safi, na kwa sahani hiyo punguza chenga: unga 180, siagi 90, sukari 90. Kwa hiyo sado moja ni krambo mbili kasoro kidogo, ongezea epo tatu. Sahani usiijaze hadi ukingoni, acha nafasi kidogo juu, la sivyo juisi itamwagika kwenye mchanga na moshi wake utaingia kwenye chakula.

Kwa wasio na mizani: unga gramu 180 ni kikombe cha mililita 250 kimoja na theluthi, bila kushindilia. Siagi 90 ni vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa. Sukari 90 ni nusu kikombe kasoro.

Vuli, hapo tafsiri ndiyo inayopotosha. Kwetu vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Wao wanamaanisha majira ya majani kupukutika, Septemba hadi Novemba kwa Ulaya, epo zao zinapoiva. Septemba pichesi za huku bado changa mtini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kipindi kinacholingana na hicho ni Machi hadi Mei, yaani sasa hivi.

---

dada_forest

Sawa kabisa. Ikibaki hadi kesho yake?

---

MamaK_Mafinga

Matunda na chenga zikikaa pamoja usiku zitalowa, hasa mvua hizi. Kama umeoka kwa pamoja, kesho ipashe bila kufunika, makaa juu ya sinia yenye upenyo, chini karibu pasiwe na makaa, dakika 10 hadi 12. Ukipasha kwenye sufuria iliyofunikwa unarudi pale ulipoanzia. Chenga zilizokaangwa peke yake zikipoa kabisa zinakaa kwenye kopo linalobana wiki nzima. Zikiwa bado na vuguvugu usifunge, zitatoa jasho.